Daktari Émile Roux: Mtunza Amana ya Wengi

Mpendwa msomaji, nikikuuliza ni nani aliyetengeneza chanjo ya kichaa cha mbwa, najua utanijibu kabla sijamaliza swali: Louis Pasteur. Jina hilo tumelikariri darasani mpaka limetuganda akilini. Lakini nikikuuliza ni daktari gani aliyesimama kando ya Pasteur usiku na mchana, akabishana naye pale ilipobidi, kisha akaiongoza taasisi yake kwa miaka 29 bila kujitajirisha, hapo utakuna kichwa. Huyo ndiye ninayetaka kukusimulia leo. Jina lake ni Daktari Émile Roux.

Nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni nyanya yangu. Katika utoto wake alipoteza kaka na dada katika msimu mmoja, wote wakiwa wameshikwa na maradhi ya koo. Asemavyo nyanya, walikuwa wakivuta pumzi kama mtu anayenyongwa. Siku hizo kijijini hapakuwa na daktari, wala hakuna aliyewapima, kwa hivyo hakuna ajuaye kwa yakini ulikuwa ugonjwa gani. Niliposoma jinsi dondakoo linavyoua mtoto, nilimkumbuka nyanya na nikataka kumjua mtu aliyepambana nalo. Sababu ya pili ni sisi wenyewe. Hapa shuleni wengi tunasema tunataka kuwa madaktari, lakini ati nusu yetu tunataja gari kabla ya kutaja mgonjwa! Basi tega sikio.

UTOTO NA MASOMO

Émile Roux alizaliwa tarehe 17 Desemba 1853 katika mji mdogo wa Confolens, magharibi mwa Ufaransa. Alifiwa na babake angali mdogo. Hata hivyo masomo hakuyaacha, na mwaka wa 1872 alianza kusomea udaktari katika mji wa Clermont-Ferrand. Huko alikutana na mwalimu wa kemia aliyeitwa Émile Duclaux, ambaye naye alikuwa amefunzwa na Pasteur. Duclaux alimwona kijana huyu jinsi anavyoshika vyombo vya maabara kwa uangalifu, akampenda.

Mwaka wa 1874 Roux alihamia Paris. Alipata ufadhili wa kusoma katika shule ya madaktari wa jeshi ya Val-de-Grâce. Kumbe mambo hayangenyooka! Tasnifu yake haikuwa tayari kwa wakati uliowekwa, na akaondoka katika shule hiyo bila kutimiza lengo. Ewe mwenzangu uliyelia muhula uliopita kwa sababu ya alama, hebu mtazame huyu. Hakuwa na jeshi wala shahada ya udaktari, na mfukoni hakuwa na kitu. Lakini mwaka wa 1878 Duclaux alimchukua awe msaidizi wake, kisha akampeleka kwa Pasteur. Shahada ya udaktari Roux aliipata mwaka wa 1883, akiwa na umri wa miaka 29, na tasnifu yake ilihusu kichaa cha mbwa. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba kukawia si kukosa.

KATIKA MAABARA YA PASTEUR

Hapa pana jambo ambalo wengi hatulijui. Pasteur hakuwa daktari, alikuwa mwanakemia. Alivijua vijidudu, lakini hakuwa na kibali cha kumdunga binadamu sindano. Kwa hivyo alihitaji watu wenye elimu ya tiba, na Roux alikuwa mmoja wao. Mwaka wa 1881 Roux na mwenzake Charles Chamberland walisaidia katika jaribio mashuhuri la chanjo ya kimeta katika kijiji cha Pouilly-le-Fort. Kondoo wapatao 50 waligawanywa makundi mawili. Nusu walichanjwa na nusu hawakuchanjwa, kisha wote wakatiwa ugonjwa. Tarehe 2 Juni watu walipokusanyika kutazama, kondoo waliochanjwa walikuwa wazima, na wale wengine karibu wote walikuwa mizoga au wanakata roho.

Mwaka wa 1883 kipindupindu kiliingia Misri. Pasteur aliwatuma vijana wake wanne huko Aleksandria, Roux akiwa miongoni mwao. Safari hiyo ilimwachia jeraha moyoni. Mwenzao Louis Thuillier, kijana wa miaka 27, alishikwa na kipindupindu kile kile walichokwenda kukichunguza, akafariki mwezi wa Septemba. Roux alirudi Ufaransa akijua vizuri kwamba vijidudu havibagui kati ya mgonjwa na daktari.

Sasa tufike kwenye kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili, mtu haponi. Roux ndiye aliyebuni chupa maalumu ambamo uti wa mgongo wa sungura aliyekufa kwa ugonjwa huo ulining'inizwa ukakaushwa siku baada ya siku, mpaka makali ya ugonjwa yakapungua. Kutokana na uti huo Pasteur alitengeneza chanjo. Tarehe 6 Julai 1885 aliletwa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa. Pasteur aliamua mtoto achanjwe.

Unadhani Roux alishangilia? La hasha. Alikataa kushiriki. Kwa maoni yake, majaribio kwa wanyama hayakuwa yametosha, na daktari hana ruhusa ya kumfanyia mtoto kitu ambacho hajakihakikisha. Sindano zilidungwa chini ya uangalizi wa daktari mwingine, Jacques Grancher. Mtoto Meister alipona, na dunia nzima ikamshangilia Pasteur. Baadaye wagonjwa walipomiminika, Roux alirudi akashiriki katika kazi hiyo kwa bidii. Mimi sisemi kwamba Roux alikuwa sahihi siku ile na Pasteur alikosea, mtoto aliokoka. Ninachosema ni kwamba Roux aliweza kumwambia mkubwa wake hapana, tena mkubwa anayeogopwa Ufaransa nzima. Kwetu sisi ambao humwitikia kiranja ndiyo hata tukijua anakosea, hilo ni somo.

HARAMBEE YA KARNE YA 19

Baada ya ushindi ule, watu walioumwa na mbwa walianza kuwasili Paris kutoka kila pembe, hata kutoka Urusi. Maabara ikawa ndogo. Ndipo mwaka wa 1886 ulipoanzishwa mchango wa kujenga taasisi. Sisi Wakenya tungeuita harambee, na haungekuwa uongo. Mfalme wa Urusi alichanga, mfalme wa Brazili alichanga, na Sultani wa Uturuki pia alitoa. Lakini pamoja nao walikuwamo watu wa kawaida wenye mishahara midogo, kila mmoja na sarafu zake chache. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Zilipatikana zaidi ya faranga milioni 2, pesa nyingi sana wakati huo.

Taasisi ya Pasteur ilitambuliwa rasmi mwezi wa Juni 1887 kama wakfu wa manufaa ya umma, na ikafunguliwa tarehe 14 Novemba 1888 na Rais Sadi Carnot. Shika neno hilo, wakfu. Haikuwa idara ya serikali wala duka la mtu. Ilikuwa mali iliyotolewa na wengi kwa ajili ya wengi, na kazi yake ilikuwa kutibu, kuchunguza na kufundisha. Roux alipewa idara yake humo, na mwaka wa 1889 alianza kufundisha kozi ya elimu ya vijidudu, mojawapo ya kozi za kwanza za aina hiyo duniani. Madaktari kutoka nchi mbalimbali walikuja kuketi mbele yake kama sisi tunavyoketi mbele ya mwalimu wa Bayolojia.

VITA DHIDI YA DONDAKOO

Dondakoo ni ugonjwa wa kutisha. Unaanza kama mafua ya kawaida, koo linauma, homa inapanda. Kisha utando wa kijivu unaota kooni na kuzidi kuwa mzito, mpaka mtoto anashindwa kupumua. Wakati huo madaktari walikuwa wakimtoboa mtoto shingoni na kumtia kijibomba ili apate hewa. Wengine walipona koo, halafu ghafla moyo ukasimama. Hapo ndipo fumbo lilipokuwa. Wanasayansi wa Ujerumani, Edwin Klebs na Friedrich Löffler, walikuwa wamekwisha kuwaona bakteria wa ugonjwa huu kati ya mwaka wa 1883 na 1884. Lakini bakteria wenyewe walibaki kooni tu. Ni nini basi kilichoufikia moyo?

Roux alilishughulikia swali hilo pamoja na kijana mmoja mpole aliyeitwa Alexandre Yersin. Walikuwa wakijuana kwa sababu Yersin aliwahi kujikata alipokuwa akipasua maiti ya mtu aliyekufa kwa kichaa cha mbwa, na Roux ndiye aliyemdunga chanjo. Mwaka wa 1888 waliwakuza bakteria wa dondakoo katika supu, kisha wakaipitisha supu hiyo kwenye chujio la kaure ambalo bakteria hawawezi kulipenya. Supu iliyotoka ilikuwa safi, haina bakteria hata mmoja. Wakawadunga wanyama kwa supu hiyo. Wanyama wakafa vile vile! Jibu likawa wazi: bakteria hukaa kooni na kutoa sumu, na sumu ndiyo inayosafiri katika damu hadi moyoni na kwenye neva.

Mwaka wa 1890, huko Berlin, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba mnyama aliyezoeshwa sumu kidogo kidogo hujenga kinga katika damu yake, na kinga hiyo inaweza kupewa mwingine. Roux aliichukua njia hiyo akaikuza. Alitumia farasi, kwa sababu farasi ni mkubwa na anaweza kutoa damu nyingi bila kudhurika. Maji ya damu hiyo, yaani seramu, ndiyo yaliyokuwa dawa.

Tarehe 1 Februari 1894 Roux na wenzake, Louis Martin na Auguste Chaillou, walianza kuitumia katika hospitali ya watoto ya Enfants-Malades jijini Paris. Hawakuwachagua watoto wenye nafuu ili hesabu ipendeze. Kila mtoto wa dondakoo aliyeingia alitibiwa. Katika miaka minne iliyotangulia zaidi ya nusu ya watoto wa dondakoo waliolazwa humo walikufa. Kufikia tarehe 24 Julai, watoto 448 walikuwa wameingia na 109 walikuwa wamekufa, yaani karibu 24 katika kila 100. Katika miezi hiyo hiyo, hospitali nyingine ya Paris iitwayo Trousseau, ambako seramu haikutumiwa, ilipokea watoto 520 na kuwapoteza 316, yaani karibu 61 katika kila 100.

Msomaji, usizipite nambari hizo haraka haraka. Wale 109 walikuwa watoto wa watu, na wale 316 vile vile. Nilipozisoma mara ya kwanza nilihuzunika na kufurahi kwa wakati mmoja. Nilimfikiria mama aliyeshika njia ya kwenda hospitali moja badala ya nyingine, asijue kwamba njia hiyo ndiyo iliyobeba uhai wa mwanawe.

Septemba mwaka huo Roux aliyasoma matokeo yake mbele ya mkutano wa madaktari mjini Budapest, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Gazeti la Le Figaro likaanzisha mchango mwingine, na wananchi wakatoa tena. Farasi wakanunuliwa, mazizi yakajengwa, na seramu ikagawiwa hospitali na maskini bila malipo.

MKURUGENZI ASIYEJIPENDELEA

Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895. Duclaux akaongoza taasisi mpaka kifo chake mwaka wa 1904, na baada yake akawekwa Roux. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyeshika funguo za sanduku lililojazwa na wafalme na vibarua.

Na aliishije? Mwaka wa 1900 taasisi ilikuwa imejenga hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, kwa fedha za mama mmoja tajiri, Bi. Lebaudy, ambaye hakutaka jina lake litajwe. Humo kila mgonjwa alikuwa na chumba chake ili asimwambukize mwenzake. Roux, mkurugenzi mzima, alipanga chumba kidogo katika hospitali hiyo hiyo akakifanya makao yake. Alivaa koti lile lile kuukuu. Mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kifua, mara akohoe, mara apate homa, lakini kazini alifika.

Mwaka wa 1901 Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya tiba ilimwendea Behring kwa kazi ya seramu ya dondakoo. Behring pia alishirikiana na kiwanda cha madawa akapata utajiri. Hakuna ubaya katika hilo, alikuwa ameitolea jasho. Roux alipendekezwa kwa Nobel mara nyingi, wala hakuipata mpaka anaingia kaburini. Lakini mwaka wa 1903 alipewa Tuzo ya Osiris, ambayo ilikuwa faranga 100,000. Je, alijenga nyumba? Alinunua gari? Hata senti moja hakubaki nayo, yote aliikabidhi Taasisi ya Pasteur.

Sasa sikia yaliyofuata. Tuzo hiyo ilikuwa imewekwa na tajiri wa benki, Daniel Iffla Osiris. Tajiri huyo alipofariki mwaka wa 1907, wosia wake ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya mali yake, makumi ya mamilioni ya faranga, ameiachia Taasisi ya Pasteur. Mimi naamini kwamba mtu huwa hampi mwingine ndoo nzima kabla ya kuona alivyokitunza kikombe.

Chini ya uongozi wake, taasisi ilitoa chanjo ya homa ya matumbo na seramu ya pepopunda kwa askari wa Vita Vikuu vya Kwanza, kuanzia mwaka wa 1914. Ni humo pia ambamo Albert Calmette na Camille Guérin walikamilisha chanjo ya kifua kikuu, BCG, waliyokuwa wameihangaikia tangu mwaka wa 1908 huko Lille. Mtoto wa kwanza aliipata jijini Paris mwaka wa 1921.

Haifai nikakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Roux hakuwa malaika. Alikuwa mkali, mwenye maneno machache, na kwa kuwa yeye aliridhika na kidogo, aliona ni kawaida wengine nao waridhike na kidogo. Mishahara katika taasisi ilikuwa midogo, na kijana mwenye mke na watoto hawezi kuishi kama mtawa. Tena alikaa kitini mpaka uzeeni, karibu miaka 80, badala ya kuwapisha vijana. Kujinyima ni tabia njema, lakini kuwanyima wengine ukidhani wote wana moyo kama wako ni jambo jingine. Hata hivyo, hakuna aliyewahi kumwonyesha kidole kwamba amekula mali ya wagonjwa.

MWISHO WA SAFARI

Mwaka wa 1933 Calmette alifariki tarehe 29 Oktoba. Siku tano tu baadaye, tarehe 3 Novemba, Roux naye akaaga dunia. Serikali ya Ufaransa ilimfanyia mazishi ya kitaifa, na akazikwa katika bustani ya Taasisi ya Pasteur, hatua chache kutoka maabara alimofanyia kazi. Taasisi hiyo bado ipo hadi leo, na bado ni wakfu unaotegemea kwa sehemu michango ya watu.

Pengine utauliza, haya ya Ufaransa yanatuhusu nini sisi? Hebu kunja mkono wa shati lako la kushoto. Wengi wetu tuna kovu dogo hapo, na hilo ni la BCG, tuliyodungwa tukiwa wachanga. Kisha mtoto wa Kenya akifika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hudungwa chanjo ambayo ndani yake mna kinga ya dondakoo. Si seramu ya farasi tena, ni sumu ile ile ya Roux na Yersin iliyoondolewa makali, ili mwili ujifunze kujikinga wenyewe. Ndiyo maana sisi hatujawaona wenzetu wakinyongwa na utando kooni kama walivyoona babu zetu. Lakini adui hajafa. Mwaka wa 2023 dondakoo liliua mamia ya watu nchini Nigeria, wengi wao watoto ambao hawakuwa wamechanjwa kikamilifu. Ukimwona mama nyumbani anasitasita kumpeleka mtoto kliniki, mweleze habari za Enfants-Malades na Trousseau.

Na ninyi mnaotaka kuwa madaktari, nawaombea mpate magari, sina kinyongo. Lakini kumbukeni kwamba siku moja mtakabidhiwa zahanati, au mradi wa chanjo, au sanduku la michango ya mgonjwa mmoja kijijini. Pesa hizo zitakuwa zimetoka kwa muuza mboga aliyejinyima chai. Dawa isiyofika kwa mgonjwa kwa sababu pesa zimeishia mifukoni huua kama dondakoo, ila yenyewe haionekani kwenye darubini. Roux alizijua kinga zote mbili, ile ya sindano na ile ya uaminifu. Hata mweka hazina wa chama chetu, ninayemheshimu sana, naomba ausome ukurasa huu mara mbili!

Nilipomsimulia nyanya habari hizi alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama huyo daktari aliacha watoto. Nilimjibu kwamba sisi tuliochanjwa ndio watoto aliowaacha.